Kustaafu ugenini: nidai michango yangu au niiache?

Mleta mada
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nilichangia mfuko wa pensheni wa serikali nchini Ujerumani kwa miaka minne kabla ya kuhamia Marekani, ambako natarajia kufanya kazi kwa miaka mingi. Kwa kuwa sikufikisha miezi 60 inayohitajika ili mtu astahili pensheni ya uzeeni huko, wenzangu wananishauri nidai kurejeshewa michango yangu mara itakapotimia miezi 24 tangu nilipoacha kuchangia. Je, huo ni uamuzi wa busara?

Jibu la kwanza
Ndugu, usiharakishe. Mchango wa Ujerumani ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri, na kwa kawaida kinachorejeshwa ni ile nusu yako tu. Isitoshe, ukishaipokea, haki zote zilizotokana na miaka hiyo hufutika. Nchi hizo mbili zina mkataba wa hifadhi ya jamii, hivyo muda uliochangia Marekani unaweza kujumlishwa ili kukamilisha ile miezi 60, ingawa kila nchi hulipa sehemu yake yenyewe. (Wanaodhani kwamba fedha huhamishwa kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine wamekosea.) Kwa maoni yangu, pensheni ndogo ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai ni bora kuliko mkupuo unaoishia kwenye gari.

Jibu la pili
Naafikiana na mchangiaji aliyetangulia, ila nchi utakayozeekea nayo ina uzito wake. Uingereza, kwa mfano, haiwaongezei pensheni ya serikali kila mwaka wastaafu wake wanaoishi Kanada au Australia, ilhali walioko Marekani huongezewa. Vilevile Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, kwa kawaida haigharimii matibabu nje ya nchi hiyo, kwa hiyo atakayestaafia kwingine hana budi kutenga fedha za bima nyingine.

Jibu la tatu
Mimi nasisitiza nyaraka. Omba sasa taarifa ya michango yako, uilinganishe mwezi kwa mwezi na hati za mshahara, kisha uhakikishe kwamba jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Herufi iliyorukwa, au jina la babu lililochukuliwa kuwa la ukoo, hurekebishwa kwa urahisi mwajiri akiwa bado yupo, si miaka thelathini baadaye kampuni ikiwa imekwisha kufungwa.