Bosi kaniambia sina akili ya hisia, wakuu nifanyeje?

Nondo_Kumi: Wakuu habari za jioni. Naenda kwenye mada. Nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar, upande wa mauzo na stoo. Juzi mteja kaagiza nondo za milimita 16, vijana wakapakia za 12, gari likavuka daraja mpaka saiti Kigamboni likarudi na mzigo. Bosi kanikoromea mbele ya mteja na vibarua. Na mimi nikamjibu. Usiku kanitumia ujumbe: kazi naijua, tatizo langu sina akili ya hisia, na kuna semina Jumamosi niende.

Hiki kitu kipo kweli au ni maneno ya wauza semina? Mtu mzima anafundishika? Niende au niache kazi? Naomba majibu ya heshima, silali vizuri.

Siti ya Dirishani: Nimewahi siti. Kahawa na kashata viko wapi?

Msomi wa Jioni: Kipo. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliieleza kama uwezo: kufuatilia hisia zako na za mwenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo yako. Mwaka 1995 mwandishi wa habari Daniel Goleman akaitolea kitabu, na hapo ndipo maofisa utumishi na wauza semina walipoidaka. Na kama ni uwezo, mazoezi yanaukuza.

Kocha Mtarajiwa: Asilimia 80 ya mafanikio ni akili ya hisia, 20 tu ndiyo ya darasani. Njoo PM nikupe darasa, bei ya rafiki.

Msomi wa Jioni: Kocha, hiyo hesabu mnaipotosha kila siku. Goleman alisema akili ya darasani inachangia kama asilimia 20. Zile 80 hakuzipa hisia peke yake. Humo kuna bahati, kuna tabaka ulilozaliwa. Ukizaliwa na baba mwenye maghorofa Kariakoo unaweza kuwa na hasira za nyuki na bado ukafanikiwa.

Wakili wa Kijiweni: Tuache saikolojia. Una mkataba? Una muda gani hapo? Akikufukuza una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Ila kama hujatimiza miezi 6 kazini, madai ya kuachishwa isivyo haki yatakupita kando. Na usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira, utakuwa umejichinja mwenyewe.

Nondo_Kumi: Mkuu, sijafukuzwa.

Wakili wa Kijiweni: Ndiyo maana nakuandaa.

Nesi wa Zamu: Mimi ni nesi. Usiku mmoja baba wa watu kanifokea wodi nzima inasikia, eti mtoto wake hajaonwa. Nilitaka kumpa zake. Nikamtazama mikono, inatetemeka. Kumbe hana hasira na mimi, ana hofu. Nikamwambia, "Baba, najua una hofu, mtoto anaonwa sasa hivi." Akakaa, akaomba maji. Hicho ndicho unachoulizia, na sikukilipia semina. Ila nikirudi nyumbani nikikuta mume katupa taulo bichi kitandani, naanzisha vita vya Kagera. Kwa hiyo sijui kama ninayo au naiacha kazini pamoja na sare.

Ustadh Mpole: Mtume (s.a.w.) katufundisha: ukikasirika umesimama, kaa, isipoondoka, jilaze. Na mwenye nguvu si yule anayeangusha watu mieleka, ni anayeizuia nafsi yake wakati wa ghadhabu.

Siti ya Dirishani: Shehe, sasa huyu ajilaze wapi, juu ya mifuko ya saruji?

Mama Mchungaji: Mithali 15:1, jawabu la upole hugeuza hasira. Vijana wa siku hizi hamfundishwi majumbani.

Binti wa Lushoto: Nondo, umesema "nikamjibu" halafu umeruka. Ulimjibu nini?

Nondo_Kumi: Nilimwambia hiyo sauti apeleke kwa mkewe. Mengine sikumbuki. Na mimi nimeumia pia, mpaka mama kanipigia analia.

Binti wa Lushoto: Subiri kidogo. Bosi kakukoromea dukani, mama yako kajuaje?

Siti ya Dirishani: Mleta uzi yupo hewani, taa ya kijani naiona.

Nondo_Kumi: Sawa. Bosi ni mdogo wangu. Nimemzidi miaka minne. Sikuona kama ina umuhimu.

Siti ya Dirishani: Haikuwa na umuhimu! Jamani!

Binti wa Lushoto: Hapo sasa ndipo uzi unaanza. Mimi naona unaita hasira kitu ambacho ni aibu. Mtu uliyembeba mgongoni anakukoromea, na vibarua wanaokuita "kaka mkubwa" wanatazama. Hasira ya nondo ingeisha gari lilipogeuza. Duka alianzisha nani?

Nondo_Kumi: Marehemu mzee. Alipougua alimwachia yeye funguo, mimi nilikuwa Tunduma na magari ya mizigo. Sijawahi kulalamika hata siku moja. Na msinifanye mtoto, nimeshapata fremu, kodi ya miezi 6 nimelipa, mlango wa tatu kutoka kwake. Si ubaya. Riziki kila mtu na yake. Wateja wananijua mimi.

Nesi wa Zamu: Mlango wa tatu?!

Wakili wa Kijiweni: Kodi umelipa, halafu unatuuliza uache kazi au usiache?

Nondo_Kumi: Nauliza kuhusu semina.

Mzee wa Mikorosho: Mimi na kaka yangu hatukusalimiana kwa sababu ya shamba la mikorosho Masasi. Tulikuja kuongea msibani, sufuria la ubwabwa lilitaka kumwangukia nikalidaka, nikaungua mimi. Tukacheka. Shamba tukauza, hela zikaisha, ila siku hizi anapiga simu kila Ijumaa kuulizia bei ya korosho ambazo hatuna.

Mpekuzi wa Nyuzi: Wakuu, mnakunywa chai, hadithi ya kutunga. Huyu huyu kwenye uzi wa kufuga kware alisema yeye ni mtoto pekee, hana wa kumpiga tafu. Leo ana mdogo, ana mama analia, ana duka la urithi. Tangawizi imekolea.

Siti ya Dirishani: Leteni vitumbua.

Kocha Mtarajiwa: Mimi nilishtuka tangu milimita 16.

Mama Mchungaji: Na mimi nilikuwa nimeanza kumwombea.

Nondo_Kumi: Wewe MPEKUZI nani kakutuma? Unakaa kufukunyua nyuzi za watu kama kuku wa jalalani, huna kazi huna mke, FUNGA DOMO LAKO!

Siti ya Dirishani: Jamani, bosi ana hoja.

Msomi wa Jioni: Bosi ana hoja nzito.

Nondo_Kumi: Ni mtoto pekee KWA MAMA YANGU. Mama alifariki nikiwa mdogo. Anayelia ni mama mdogo, mama yake bwana mdogo, ndiye kanilea. Ndiyo maana sikutaka kuanza na habari hizo. Amini usiamini.

Mpekuzi wa Nyuzi: Chai imeongezwa maziwa.

Wakili wa Kijiweni: Chai au si chai, hilo duka ni la marehemu. Mirathi ilifunguliwa? Kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari upo? Mahakama ilimteua nani msimamizi? Kupewa funguo na mgonjwa si kurithishwa.

Nondo_Kumi: Mirathi sitaki. Nikienda mahakamani mama mdogo atakufa.

Binti wa Lushoto: Basi ulishaamua kumlinda mama, ila fremu umemwekea mlango wa tatu. Bwana mdogo anajua habari ya fremu?

Nondo_Kumi: Hajui. Atajua nikifungua.

Binti wa Lushoto: Na hela ya semina nani analipa?

Nondo_Kumi: Kalipa yeye. Kalipia watu wawili, anasema tunaenda wote.

Nesi wa Zamu: Ulikuwa unangoja nini kusema hilo, wewe mtu? Yaani naye anakwenda kukaa darasani?

Nondo_Kumi: Ndiyo.

Siti ya Dirishani: Chakula cha mchana kipo?

Nondo_Kumi: Tangazo limesema pilau.

Mpekuzi wa Nyuzi: Jumamosi nataka picha ya hilo pilau, sahani mbili, meza moja. Bila picha ni chai.