Yule wa mashine 250% ametuzimia kiwanda kizima halafu akaniambia "jipange"

Makaa_ya_Zimmerman:
Wasee, sitataja jina. Mnamjua. Kila aliyewahi kukanyaga seva yetu ya Satisfactory, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, anamjua, hata wale mbwa-mjusi wa porini wakimwona wanahama.

Usiku huu kiwanda kilikuwa kimetulia. Jenereta 16 za makaa, megawati (MW) 75 kila moja, jumla 1,200, na nilikuwa nimeacha nafasi ya maana kwa grafu ya stima. Pampu sita za maji, maana pampu tatu hulisha jenereta nane bila kubakisha tone. Naenda jikoni kugeuza chapati. Narudi, giza. Ule mlio wa fyuzi. Mikanda imesimama. Grafu imelala kama maiti.

Na yeye yuko juu ya paa, anaruka-ruka na jetipaki. Nikamuuliza kwa chati, kwa heshima zote, "Buda, umefanya nini?" Akanijibu neno moja. Jipange. Halafu akatoka kwa seva.

JIPANGE! Mimi! Niliyelaza kila bomba la hicho kiwanda!

Alichofanya ni hiki. Amebeba vijiwe vyote vya konokono, vile vya kuongezea mashine kasi, kutoka stoo (nilivitafuta mimi, nikikimbizwa na buibui wenye ukubwa wa matatu) akavipachika kwa zile mashine kubwa zinazomeza malighafi nne. Vitatu vitatu, hadi 250%. Anadhani kasi ikipanda mara mbili na nusu, stima nayo inapanda mara mbili na nusu. Wapi! Inapanda zaidi ya mara tatu. Mashine ya MW 55 inaruka hadi karibu 185. Moja! Na amegusa safu nzima, kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu mimi ndiye nijipange.

Na stima ya makaa haina huruma. Fyuzi ikiruka, pampu zinakufa, machimbo yanakufa, jenereta zinakauka, ukivuta swichi inaruka tena. Sasa lazima nikate nyaya, nirudi kwa zile jenereta ndogo za majani, MW 30 kila moja, nizilishe kwa mkono mpaka pampu ziamke. Saa saba usiku niko porini nachuma majani. Chapati zimeungua. Na bado naliona lile neno kwenye kona ya skrini.

Nataka tuwe na sheria kwa seva. Sheria ya kwanza ni yeye.

Kifaranga_Umoja:
Nilikuwepo, nathibitisha. Na aliandika kwa herufi ndogo, bila hata nukta. Hiyo ndiyo iliniuma kwa niaba yako.

Makaa_ya_Zimmerman:
HERUFI NDOGO. Asante. Watu wajue.

Fundi_wa_Nyaya:
Pole mkubwa. Lakini swichi za kipaumbele si ziko kwa mchezo? Pampu na machimbo unayaweka kundi la mwisho kukatwa, zile mashine zake unaziweka la kwanza. Stima ikizidiwa anazimika yeye, wewe unaendelea na chapati.

Makaa_ya_Zimmerman:
Kwa hivyo uko upande wake.

Fundi_wa_Nyaya:
Niko upande wa pampu.

Kifaranga_Umoja:
😂😂😂 Yaani amekwambia ujipange kwa aya nzima.

Mvuke_wa_Naivasha:
Mimi kinachonishangaza ni Mkenya mzima kuchoma makaa. Olkaria kule Naivasha inatoa stima kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Mchezo una jenereta ya mvuke, unaiweka juu ya shimo la mvuke, haili makaa, hainywi maji, haiombi chochote. Aibu.

Kifaranga_Umoja:
Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulikuwa MW 15. Kwa Satisfactory hiyo inawasha mashine moja tu ya kuunga vipande viwili. Tulia.

Mvuke_wa_Naivasha:
Usitukane Olkaria.

Leza_na_Ukuta:
Ndiyo maana sisi tuko Factorio, ule mchezo mwingine wa viwanda. Stima ikipungua hakuna fyuzi, hakuna mlio, mashine zinapunguza mwendo tu. Kistaarabu.

Babu_wa_Mikanda:
Ustaarabu gani? Stima ikipungua, mikono inayotia makaa kwa boila inakuwa mizembe, boila zinakosa makaa, stima inapungua tena, leza za ulinzi zinazimika, wadudu wanaingia hadi chumba cha kulala. Umesahau kilichokupata? Weka mikono inayochoma makaa yenyewe hapo kwa boila, nimesema hadi nimechoka.

Leza_na_Ukuta:
Nilihamia sola.

Babu_wa_Mikanda:
Paneli ya kW 60 inayokupa wastani wa 42 kwa sababu kuna usiku. Umeshafyeka msitu mzima kutandaza vioo na bado unanunua betri. Hongera.

Makaa_ya_Zimmerman:
Jamani, uzi unahusu mtu fulani.

Tokeni_Zimeisha:
Nyinyi mnalilia stima ya kuchora. Mimi niko mtaa wa Pipeline, Nairobi, ploti yetu ya kupanga ina mita moja kwa ghorofa nzima, tokeni za stima tunachanga. Kuna jirani, naye simtaji, anapika githeri kwa koili. GITHERI. Nikiwasha kompyuta nicheze kidogo, fyuzi inaruka. Keateka, msimamizi wa ploti, ndiye ana ufunguo wa kisanduku, na simu yake haishiki.

Fundi_wa_Nyaya:
Koili ya wati 2,000 kwa saa tatu ni yuniti sita. Kwa sufuria moja. Na mita hiyo lazima inapita yuniti 100 kwa mwezi, kwa hivyo mko kwa bei ya juu wote kwa ajili ya mahindi ya mtu mmoja.

Tokeni_Zimeisha:
Na akiulizwa kuhusu mchango anasema yeye hata televisheni hana!

Makaa_ya_Zimmerman:
Tunaweza kurudi kwa mada?

Shosh_wa_Kasarani:
Subiri kidogo, mjukuu. Huyo jirani analoweka maharagwe kwanza?

Tokeni_Zimeisha:
Haloweki. Anatoa kwa gunia, anatia kwa sufuria.

Shosh_wa_Kasarani:
Ndiyo maana inachukua saa tatu. Ukiloweka usiku kucha, wakati unapungua sana. Na chumvi anaweka saa ngapi?

Tokeni_Zimeisha:
Mwanzo, nimemwona.

Shosh_wa_Kasarani:
Mwanzo?

Babu_wa_Mikanda:
Mwanzo??

Mvuke_wa_Naivasha:
Hama hiyo ploti.