Amemtukana babu yangu kando ya lori la vita, kisha akalitafsiri tusi lake

Mjukuu wa Koplo:

Ndugu zangu wa Bukavu, ninaandika haya mikono ikinitetemeka. Tumerudi hotelini Cairo saa mbili zilizopita na chakula hakipiti kooni. Mtu ninayemsema mnamjua nyote, yule ambaye akikohoa Nyawera watu wa Uvira wanaitikia, kwa hiyo sitamtaja jina.

Tulikuja Misri watano kununua vitambaa. Leo ilikuwa siku ya mapumziko, nami niliwaomba wenzangu kwa siku tatu mfululizo twende El Alamein, mji mdogo wa pwani ulio kiasi cha kilometa 100 magharibi mwa Alexandria, wenye makumbusho ya kijeshi kando ya barabara ya jangwani. Nauli ya gari nililipa mimi. Njia nzima ni mchanga na upepo, na dereva alitukataza kushuka ovyo hata kwa haja ndogo, kwa sababu mabomu yaliyotegwa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, bado yamo ardhini katika jangwa lile.

Sababu ya safari yangu ilikuwa moja. Babu yangu alikuwa koplo wa Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, naye ni mmoja wa askari wapatao 9,000 kutoka Kongo waliokaa Misri na Palestina hadi mwaka 1944. Nilibeba kikombe chake cha bati, kile alichokwaruza namba yake chini kwa ncha ya msumari, chenye kibonyeo ubavuni ambapo kidole gumba hukaa sawasawa. Nilitaka kukipiga picha kando ya mojawapo ya magari yale ya vita yaliyopangwa uani, niipeleke kwa mama.

Nimekiweka juu ya bamba la lori, nimerudi nyuma hatua mbili, ndipo huyo bwana akaja, akakigonga kwa ufunguo, akasema: «Babu yako alikuja huku kuosha masufuria ya Wabelgiji.» Wenzetu wakanyamaza. Lingeishia hapo ningelimeza. Lakini alimgeukia mwongozaji wa makumbusho, mtu asiyejua Kiswahili hata neno moja, akalitafsiri kwa Kifaransa ili naye apate kucheka. Naye akacheka!

Nusu saa kabla ya hapo, mtu huyo huyo alisimama mbele ya ndege ya Kiingereza aina ya Kittyhawk, iliyopotea jangwani Juni 1942 na kuonekana tena mwaka 2012, akavua kofia na kusema kwamba rubani yule kijana apumzike kwa amani. Kwenye makaburi ya askari waliokufa vitani huko pia, penye mawe meupe zaidi ya 7,000, alitembea kama yuko kanisani. Kofia ilivuka kichwani kwa ajili ya mgeni. Kwa ajili ya mzee aliyezikwa Kadutu, ambaye yeye mwenyewe alikula kwake utotoni, alitoa ufunguo akagonga kikombe, kisha akalitafsiri. Namrudia Mungu, alilitafsiri!

Mama wa Nyawera:

Pole sana, mwanangu. Tumemjua kwa sentensi ya kwanza. Ndiye aliyesimama kwenye matanga ya shemeji yangu akahesabu viti mbele ya wafiwa, kisha akatangaza ni vingapi vilivyokodiwa kwa mkopo. Mdomo wake hauna mlango.

Kijana wa Kadutu:

Kaka, nakuheshimu, lakini vita vya Alamein vilimalizika Novemba 1942, na Wakongomani walifika Misri mwaka uliofuata, wala hawakupigana huko. Umekwenda na kikombe mahali ambapo koplo hakurusha risasi hata moja. Unalia kwa ajili ya nini? Na kama unajua tabia ya mtu, kwa nini unamlipia nauli?

Mjukuu wa Koplo:

Sikuandika popote kwamba alipigana Alamein, soma tena. Babu alituambia mwenyewe kwamba walipofika vita vilikuwa vimehama. Alituambia jinsi malori yalivyokuwa yakizama mchangani, wakayasukuma usiku kucha na maji ya kunywa yakigawiwa kwa kikombe hiki hiki kilichogongwa leo kwa ufunguo. Na hata kama angeosha masufuria, ni nani aliyempa huyo bwana ruhusa ya kulitafsiri? Lugha yetu ilitosha kunivua nguo. Alitaka nivuliwe kwa lugha mbili.

Mwalimu wa Bagira:

Kijana wa Kadutu, umesoma nusu ya historia. Kabla ya Misri, askari hao walikuwa Ethiopia. Mwaka 1941 waliingia Asosa na Gambela, na Julai mwaka huo Waitalia wakajisalimisha kwao Saio, Jenerali Gazzera akiwa miongoni mwao. Sisi tunapita mbele ya Kambi ya Saio hapa mjini asubuhi na jioni, na ukiwauliza wanafunzi wangu Saio ni nini, watakuambia ni jina la ofisa fulani wa zamani. Ni mji wa Ethiopia! Tena ofisa Mkongomani hakuwako wakati huo, maofisa wote walikuwa Wabelgiji, na askari wetu akipanda sana aliishia kuwa sajini.

Msafiri wa Ruzizi:

Nimeishi hatua mia tatu kutoka Kambi ya Saio kwa miaka ishirini na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza kuelezwa. Mwalimu, kosa ni la nyinyi walimu. Mimi nilikaririshwa mito ya Ubelgiji.

Mwalimu wa Bagira:

Hukukaririshwa na mimi. Na kitabu ninachofundishia kinaipa vita hiyo mistari minne, kwa hiyo malalamiko yako uyapeleke kwa wanaochapisha.

Mjukuu wa Koplo:

Tafadhali turudi kwenye jambo lenyewe. Alilitafsiri. Sasa hivi yuko chumba cha pili, anaongea na mkewe kwa simu kuhusu bei ya kitenge, sauti inapita ukutani, wala hajabisha hodi kwangu kuomba radhi.

Mama wa Nyawera:

Usimfungulie akibisha. Lakini mmenikumbusha jambo. Baba mkubwa wangu naye alikuwa Saio, alirudi na jeraha la mguu, na mjane wake amekufa bila kuonja hata franga moja ya pensheni. Kila mwaka aliambiwa alete karatasi nyingine. Hilo ndilo tusi kubwa kuliko ufunguo na kikombe.

Kijana wa Kadutu:

Hapo nakuunga mkono, Mama. Bibi yangu alipeleka cheti cha ndoa mara tano, mara ya tano wakakipoteza wao.

Msafiri wa Ruzizi:

Heri nyinyi mna vyeti. Sisi tulikuwa na medali ya babu. Mtu mmoja wa mtaa wetu aliiazima kwa ajili ya maonyesho ya shule, na tangu siku hiyo akituona anavuka barabara.

Mama wa Nyawera:

Ni yule mwenye pikipiki nyekundu? Hata kwangu alichukua picha ya baba mkubwa akiwa na sare yake, akasema ataipiga kopi na kuirudisha kesho yake. Hiyo kesho ni Pasaka ya mwaka juzi.

Msafiri wa Ruzizi:

Ni yeye. Mama, Jumamosi asubuhi niko huru. Twende kwake pamoja.

Mwalimu wa Bagira:

Nipitieni Bagira, nami nina daftari langu kwake.