Faiba ya godauni na ofisi Shimanzi: taa zinawaka, data inakatika. Tununue swichi kubwa?

Mwana_Shimanzi
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla bosi hajatia sahihi. Godauni yetu iko Shimanzi, Mombasa, ofisi iko ng'ambo ya yadi, na faiba inayounganisha ni kama mita 700. Kila upande una swichi (kifaa cha kuunganisha vyombo vya mtandao) ya gigabiti, na poti ya faiba nayo ni gigabiti moja. Kamera 40 ziko godauni, mashine ya kurekodi iko ofisini. Usiku seva ya godauni ikianza kutuma nakala, picha zinaganda. Mchana pia mafaili makubwa yanasuasua. Fundi mmoja asema tuwashe udhibiti wa mtiririko, mwingine asema swichi ni ndogo. Taa za faiba ni kijani wakati wote. Nimsikize nani?

Fundi_Kongowea
Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Ingia kwenye swichi utazame hesabu za poti ya faiba: fremu (vifurushi vya data) zilizoharibika, yaani CRC, na fremu zilizotupwa. Zilizotupwa zikipanda usiku, huo ni msongamano. Seva peke yake yaweza kujaza gigabiti nzima, na kamera 40 za megabiti 4 zataka 160 zao. Fremu za ziada hungoja kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya swichi; bafa ikijaa zinazofuata hutupwa. Lakini CRC zikipanda hata mchana, njia yenyewe ina kasoro, na swichi ya bei yoyote haitaiponya.

Bi_Mitandao
Huo udhibiti wa mtiririko usiuwashe kwenye poti ya faiba, nakuomba sana. Kwa utaratibu wa 802.3x, swichi iliyoelemewa hutuma fremu ya kusimamisha, na jirani yake anasimamisha kila kitu kwenye kiungo kile. Kwenye gigabiti, agizo moja laweza kuzuia hadi milisekunde 33, na linaweza kurudiwa papo hapo. Kompyuta moja ya ofisini yenye poti ya megabiti 100 ikizidiwa, kamera zote zitangoja nayo. Ni kufunga geti la bandari kwa sababu yadi ya mteja mmoja imejaa! Tenga kamera kwenye VLAN yao, yaani mtandao wao wa pekee ndani ya swichi zilezile, uzipe kipaumbele, na seva iwekee kikomo cha kutuma.

Mzee_wa_Faiba
Mimi hizo mita 700 ndizo zinazonisumbua. Ganda la kebo ni rangi gani, na limeandikwa nini?

Mwana_Shimanzi
Nimetoka kuangalia. Machungwa, 50/125 OM2, hiyo ndiyo daraja ya kebo. Modyuli zote mbili, vile vipande vya kutuma na kupokea mwanga, ni aina ya SX, mwanga wa nanomita 850. Na CRC zapanda hata saa hii, watu wameshatoka ofisini.

Mzee_wa_Faiba
Basi hapo ndipo penye ugonjwa. SX juu ya OM2 mwisho wake ni mita 550. Ndani ya kiini cha mikroni 50 mwanga hupita njia nyingi, na hazifiki kwa wakati mmoja, kwa hiyo mapigo yanatanuka mpaka yanapandana. Nguvu ya mwanga ipo, ndiyo maana taa ni kijani, ila upande wa pili hauwezi tena kutenganisha pigo na pigo. Wala usidanganywe ubadilishe modyuli pekee: LX, ile aina ya modyuli ya masafa marefu, kwenye kebo hiyohiyo ni 550 vilevile. Pitisha faiba ya modi moja, ile ambayo mwanga hupita njia moja tu, hapo LX inafika kilomita 5. Swichi ndogo katikati ya yadi ingekata safari vipande viwili, lakini kwa chumvi na vumbi la Shimanzi mimi singeiweka. Na ukivuta, vuta ya nyuzi 12. Kazi ya mtaro ni ileile.

Mwana_Shimanzi
Shukrani mzee wangu. Bomba la zamani lina nafasi. Bosi nimemwambia asubiri. Je, nikiwa na nyuzi za ziada, niunganishe viungo viwili viwe kimoja?

Bi_Mitandao
Waweza, ila nakala ya seva moja kwenda mashine moja kwa kawaida hubaki kwenye kiungo kimoja tu, haigawanyiki. Kwanza faiba mpya ifanye CRC zikae sifuri. Msongamano wa usiku utakuwa bado upo, kwa hiyo kile kikomo cha seva kiweke siku hiyohiyo.