Marais kwa utani: tunaanzia Bagamoyo, siku tatu zinatosha?

Mkazi_wa_Dunda
Wakuu, salaam. Watu kumi na wawili, Hiace moja, siku tatu. Tunataka kufuata nyayo za marais wetu kwa utani, siyo kwa sura za msibani. Kikwete ni wa upande wetu, sawa, lakini mji wa Bagamoyo wenyewe tuuingizeje? Na Butiama, kwao Mwalimu Nyerere, tuichomeke?

Kete_Namua
Butiama sahau. Kutoka Pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja, hiyo ni safari yake peke yake.

Mji uwe utangulizi. Wajerumani walikuwa na makao makuu hapo hadi 1891, wakayahamishia Dar. Yaani Bagamoyo ilistaafishwa kabla nchi haijamjua rais. Saa mbili asubuhi muwe Misheni, penye mnara wa Livingstone. Si rais, lakini alipokelewa kama rais: maiti yake ililazwa hapo usiku wa 24 Februari 1874, imekaushwa kwa chumvi na jua, ikiwa imebebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Moyo waliuzika kulekule. Mwongozaji akianza hadithi ya jina la mji, "bwaga moyo", mwambieni huyu aliubwaga mapema mno.

Kaole ni kilomita tano tu kusini, ila haina rais. Mkiiingiza mtafika Msoga giza. Shikeni lami ya Msata, kilomita 64, kisha kata kushoto kuelekea Chalinze.

Mtani_wa_Misafara
Nyongeza ya Msoga. Kikwete alizaliwa huko 7 Oktoba 1950, lakini ni kijiji cha watu, si makumbusho. Piteni ofisi ya kijiji kwanza, na picha za geti la mtu acheni. Kama mna Mnyamwezi garini, hapo ndipo aongee yeye: utani wao na Wakwere na Wazaramo ni wa tangu enzi za wapagazi. Asiye mtani akisema maneno yaleyale, ni matusi.

Laleni Kibaha, muingie Dar alfajiri kabla foleni ya Kimara haijafunga. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, kuna Rolls-Royce ya gavana wa Kiingereza ambayo baadaye ilimbeba Mwalimu. Baba wa Ujamaa ndani ya Rolls-Royce, hapo hamhitaji mchekeshaji. Kisha nyumba yake ya Magomeni. Ikulu piteni tu, simu mfukoni.

Kila mtu abebe kitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha mgeni ni tofauti. Na kontrol namba, ile namba ya kulipia serikalini, ombeni moja ya kundi zima. Mtandao ukikata mkiwa na namba kumi na mbili, mmekwisha.

Kete_Namua
Siku ya tatu boti ya asubuhi ya Zanzibar, Hiace ibaki Dar. Kaburi la Karume liko Kisiwandui, mnafika kwa miguu kutoka bandarini. Kwa Mwinyi ni Mangapwani, kaskazini mwa mji, kodini gari. Alizikwa Machi 2024. Kina mama wajitande, na muombe wenyeji kwanza. Hata kwa Mzee Ruksa, ruksa huombwa.

Mkazi_wa_Dunda
Nimeelewa wakuu. Mnyamwezi tunaye, ndiye dereva.

Mtani_wa_Misafara
Basi asiongee akiwa kwenye usukani.