Leseni ya bodaboda ifungamanishwe na mafunzo ya huduma ya kwanza?

Hoja iliyo mezani: mwendesha boda wa Nairobi asipewe leseni kabla hajafunzwa huduma ya kwanza.

Mkufunzi: Naunga mkono. Ajali ikitokea Thika Road, wa kwanza kufika ni mtu wa boda au makanga, na kosa huwa lile lile: majeruhi anashikwa mikono na miguu, anakunjwa kama gunia, anasukumwa kiti cha nyuma. Mgongo uliopasuka humalizikia hapo. Majeruhi ageuzwe na watu wanne kwa pamoja, aliyeshika kichwa ndiye ahesabu.

Muuguzi wa dharura: Mgongo sawa, ila damu kwanza. Watu hufunga mguu kwa kamba ya kiatu. Kamba nyembamba inaziba vena zinazorudisha damu, huku ateri iliyo ndani ikiendelea kusukuma. Damu inazidi kumwagika. Tumia kitambaa kipana, upana wa vidole vinne kutoka kidonda, upande wa kiwiliwili, kamwe si kwenye goti lenyewe, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, kisha andika saa. Hayo ni ya damu inayoruka. Kwingine bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Kikilowa, weka kingine juu yake. Kuchungulia ndiko kunakong'oa damu iliyoanza kuganda.

Mwendesha boda: Na siku ya darasani nani atailipa? Mkopo wa pikipiki haungoji. Serikali iliwapa mikoba wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwaka 2023, si wafunzwe wao?

Mkufunzi: Hao huzunguka nyumba kwa nyumba, ndugu yangu. Saa tano usiku hawako barabarani. Kuhusu siku, unayo hoja: kozi ya siku moja kwa miaka mitatu ni cheti tu. Kubana kifua cha mtu ambaye moyo umesimama kunataka kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkibadilishana kila dakika 2 kwa sababu mikono hulegea kabla mwenyewe hajajua. Ujuzi huo hufifia ndani ya miezi. Saa moja stejini kila robo mwaka ingefaa zaidi.

Mwendesha boda: Stejini nakubali. Lakini glavu ziwepo, na nikimfikisha majeruhi nisizuiliwe getini nikiulizwa bili. Katiba, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mlinzi wa geti naye afunzwe hiyo.