Ushauri: nibaki na i5 ya kizazi cha 6 au nipande hadi cha 11 na kuendelea?

Mpiga Picha wa Tabata:
Habari za jioni wakuu. Laptopu yangu ina prosesa ya Intel, i5 kizazi cha 6, na imeanza kunichosha. Jamaa wa Kariakoo ananiambia niachane nayo, kizazi kipya ni mbingu na ardhi. Nimeonyeshwa tatu: ThinkPad T480 ya kizazi cha 8, EliteBook 840 G8 ya kizazi cha 11, na mpya ya Core Ultra (jina la prosesa mpya za Intel) ambayo bei yake inakaribia mara tatu ya T480. Nataka kuamua kabla ya Jumamosi. Nipeni uzoefu.

Fundi Buguruni:
Mkuu, kazi yako hujaitaja. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ngapi hujasema, wala kama ina SSD, ile hifadhi ya haraka isiyozunguka, au bado diski ya kuzunguka. Bajeti nayo umeificha. Tukushauri kwa lipi?

Mzee wa ThinkPad:
Chukua T480, usiumize kichwa. Betri mbili, moja ndani na moja nje, na ya nje unaichomoa na kupachika nyingine huku mashine inawaka. Umeme ukikatika wewe unaendelea na kazi. RAM ina nafasi mbili, unaongeza mwenyewe. Hizi nyembamba za sasa nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi, ukinunua ya GB 8 ndiyo hiyo hiyo mpaka kaburini.

Dada wa Sinza:
Halafu tusome namba vizuri, si kuishia kwenye i5 na i7. i5-6300U, ya kizazi cha 6, ina kor 2, yaani viini viwili vya kuchakata. i5-8250U, vizazi viwili tu mbele, ina kor 4, na inaipita hata i7-7500U ambayo nayo ni kor 2. Mruko mkubwa ulikuwa pale, kutoka cha 7 kwenda cha 8. Ndiyo maana ukitoka cha 6 kwenda cha 7 hutaona kitu cha maana.

Mpiga Picha wa Tabata:
Nimewasoma wakuu. Yangu ni EliteBook 840 G3, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Nahariri video za harusi na sendoff kwenye Premiere, programu ya kuhariri. Mwisho wangu milioni moja na laki mbili.

Fundi Buguruni:
Basi tatizo la kwanza si prosesa, ni hiyo diski. G3 inapokea SSD bila shida, na RAM ni DDR4, nafasi mbili. Weka SSD, panda hadi RAM 16, uone mashine inavyofufuka. Kila wiki naletewa laptopu mwenyewe anasema imekufa, nabadilisha diski tu anaondoka nayo.

Dada wa Sinza:
Fundi, kwa kazi za ofisi nakuunga mkono. Ila Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8. Anayetunza kazi za wateja abaki bila masasisho ya usalama?

Kijana wa Kigamboni:
Mnabishana bila kuuliza kamera. Inarekodi nini? Kama ni HEVC (mfumo wa kubana video) ya biti 10, 4:2:2 (yenye taarifa nyingi za rangi), kizazi cha 8 hakina uwezo wa kuifungua kwa maunzi, kor zote zinabeba mzigo na video inakwama kila ukisogeza kishale. Cha 11 kinaifungua chenyewe. Hapo ndipo kizazi kipya kinapolipa. Hata MacBook Air ya M1, prosesa ya Apple, ya mwaka 2020 inaifungua, haina feni na iko kimya.

Mzee wa ThinkPad:
Mac tena! RAM huongezi, SSD huongezi, bodi ikiingia maji umekwisha. Atengeneze proksi, ahariri nakala nyepesi, mwisho atoe kwa faili halisi. T480 inatosha.

Mkazi wa Mbagala:
Mimi nasema kwanza angalia unauziwa nini. Mwaka jana nilipelekwa duka moja na winga, yaani dalali. Stika i7, kioo safi, bei imekaa vizuri. Muuzaji akaiwasha, akapiga wimbo mmoja, akazima, akaifunga kwenye mfuko. Nafika nyumbani nabonyeza Ctrl, Shift na Esc, naangalia prosesa: i5-7200U. Stika imebandikwa tu, na pembeni ukipitisha ukucha unasikia gundi ya stika ya zamani. Nikajaribu kuweka Windows upya, BIOS, programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows, ina nywila ya kampuni ya huko ilikotoka. Kesho yake winga hapokei simu, dukani wanasema risiti haikuandika prosesa. Kweli iliandikwa "laptop HP 1". Ile hela ilikuwa ya ada ya mtoto, mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo fungua pale pale mezani, ingia BIOS, kisha ndani ya Windows fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport uone betri imebaki na uwezo gani, na risiti iandikwe prosesa, RAM na namba ya mashine.

Kijana wa Kigamboni:
Hili la risiti nalikazia.

Bosi wa Deskitopu:
Mnasahau OptiPlex, deskitopu ya Dell, mtumba ya i5-8500, kor 6 kamili, na chenji ya kioo kizuri inabaki. Ila mkikimbilia deskitopu za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, hakikisheni BIOS imesasishwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la volteji lililoharibu baadhi ya prosesa hizo, ikaongeza dhamana miaka miwili.

Mzee wa ThinkPad:
Deskitopu kwa umeme huu wa Dar? Ukikatika katikati ya kutoa video unaanza upya. Ataongeza na bei ya UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Bosi wa Deskitopu:
UPS inanunuliwa mara moja, betri za laptopu za kuigiza zinavimba kila siku.

Mpiga Picha wa Tabata:
Kamera nakodi Sony A7 IV. Wakati mwingine narekodi 4:2:2, wakati mwingine mwenye kamera anaiseti anavyotaka. 840 G8 wameitaja laki tisa na nusu, RAM 16. Jumamosi naenda na flashi yangu nikiwa na klipu moja niifungulie pale pale.

Fundi Buguruni:
Beba klipu ndefu, dakika tano na zaidi, usikilize na feni. Na hiyo G3 usiiuze kabla hatujaongea.

Mkazi wa Mbagala:
Mzee wa ThinkPad, betri ya nje ya T480 ile ya Wh 72 halisi unapata wapi? Nilizoonyeshwa Kariakoo zote plastiki yake inanitia shaka.